Thairoidi inaposhambuliwa na kinga ya mwili: vipimo, vidonge na uamuzi wa tiba

Chukua karatasi ya maabara yenye mistari mitatu: TSH 14.2, T4 huru 8, kingamwili za TPO zaidi ya 600. Pembeni kuna mshale wa kupanda, wa kushuka, na wa kupanda tena. Wengi hukabidhiwa karatasi ya namna hii pamoja na cheti cha dawa, wakaondoka bila kuelezwa mishale ile inasema nini. Na asiyejua inasema nini hawezi kuchagua tiba, anachaguliwa tu.

TSH si homoni ya thairoidi. Inatoka kwenye pituitari, tezi ndogo kama punje ya njegere iliyo chini ya ubongo. Kazi yake ni kuiamrisha thairoidi, ile tezi yenye umbo la kipepeo iliyolala mbele ya koo (vitabuni huitwa dundumio), itengeneze homoni za T4 na T3 (T4 huru ya kwenye karatasi ni ile isiyoshikwa na protini za damu). Homoni hizo zikipungua, pituitari inapaza sauti na TSH inapanda. Zikizidi, inanyamaza, na TSH inashuka hadi karibu na sifuri. Kwa hiyo TSH ikiwa juu, thairoidi iko hoi. TSH ikizama kabisa, mara nyingi thairoidi inakimbia kupita kiasi. Kwa mtu mzima asiye mjamzito maabara nyingi huweka mpaka wa kawaida kati ya 0.4 na 4.0 hivi, lakini tazama mipaka iliyochapwa kwenye karatasi yako, maana mashine hutofautiana.

Mstari wa tatu ndio unaotaja chanzo. TPO ni kimeng'enya ambacho thairoidi hukitumia kutengeneza homoni, na kingamwili dhidi yake ni dalili kwamba askari wa mwili wameigeukia tezi yao wenyewe. TSH ya juu pamoja na kingamwili hizo ni ugonjwa wa Hashimoto, kwa jina la Hakaru Hashimoto, daktari wa Japani aliyeueleza mwaka 1912. Seli za kinga huingia ndani ya tezi na kuibomoa polepole, pengine kwa miaka mingi kabla mtu hajahisi lolote. Upande wa pili yuko Graves, ugonjwa uliopewa jina la Robert Graves wa Ireland aliyeuandika mwaka 1835. Hapa kingamwili hazibomoi. Zinashika kipokezi cha TSH na kukibonyeza usiku na mchana, kama kidole kilichonasa kwenye kengele ya mlango, na tezi inamwaga homoni bila kusikiliza pituitari. Kingamwili hizi huitwa TRAb.

Tiba za kawaida za magonjwa yote mawili zinalenga homoni. Hazilengi kinga iliyokosea njia. Jambo hili nalisisitiza kwa sababu ndilo linaloeleza kwa nini kidonge cha Hashimoto huwa cha maisha, na kwa nini Graves hutulia kisha ikarudi. Linaeleza pia kwa nini hakuna faida ya kuhangaika na namba ya TPO. Ikishaonekana mara moja kuwa ipo, imemaliza kazi yake. Mwenye 600 na mwenye 1,300 wanapewa dozi kwa kufuata TSH na uzito wao, na kurudia kipimo hicho kila miezi mitatu ni kupoteza damu na pesa.

Thairoidi iliyochoka

Dawa ya Hashimoto ni levothairoksini, yaani T4 ileile ambayo tezi ingetengeneza. Wazo lenyewe ni la zamani: mwaka 1891 George Murray, daktari wa Uingereza, alimchoma mgonjwa sindano ya maji ya thairoidi ya kondoo, na mgonjwa yule akaishi miaka 28 mingine. Siku hizi ni kidonge kidogo kinachopimwa kwa mikrogramu, na udogo huo ndio hatari yake. Tofauti ya mikrogramu 25 inatosha kumtoa mtu kwenye uzima na kumrudisha kwenye uchovu, au kumsukuma moyo uende mbio.

Dozi kamili kwa mtu mzima ambaye tezi yake imekwisha kabisa ni takribani mikrogramu 1.6 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Mwenye kilo 60 atahitaji kama 96, kwa hiyo ataandikiwa 100. Lakini wengi wenye Hashimoto bado wana tezi inayofanya kazi nusunusu, nao wanatosheka na kidogo zaidi. Mzee, au mwenye ugonjwa wa moyo, haanzishwi dozi kamili. Anaanza na 12.5 au 25 na kupandishwa taratibu, kwa sababu moyo uliozoea mwendo wa polepole ukishtushwa ghafla unaweza kuuma au kupoteza mpangilio wa mapigo.

Yupo mmoja anayehitaji tahadhari kubwa zaidi. Ni yule anayepungua uzito badala ya kuongezeka, ngozi inakuwa nyeusi kwenye mikunjo ya viganja na kwenye fizi, presha iko chini, na anatamani chumvi. Huenda kinga yake imeshambulia pia tezi za juu ya figo. Akipewa levothairoksini kabla ya kurudishiwa homoni za tezi hizo, anaweza kuzidiwa vibaya. Ukijiona katika maelezo hayo, mwambie daktari kabla ya kumeza kidonge cha kwanza.

Kidonge kinamezwa tumbo likiwa tupu, kwa maji matupu, dakika 30 hadi 60 kabla ya kifungua kinywa. Maji matupu maana yake ni maji. Kahawa hupunguza kiasi kinachofyonzwa hata ikinywewa kavu bila maziwa, nayo isubiri muda huohuo. Anayeshindwa na asubuhi ameze usiku, saa 3 au zaidi baada ya mlo wa mwisho. Kinachotakiwa ni kutobadilisha badilisha. Vidonge vya madini chuma, kalsiamu, na dawa za kiungulia zenye alumini au magnesi vikae mbali kwa saa 4, kwa sababu vinaishika T4 tumboni na kutoka nayo chooni. Vidonge vya vitamini mchanganyiko vina chuma na kalsiamu ndani yake, na hapo ndipo watu wengi wanapojikwaa bila kujua.

Sasa kuhusu subira. T4 inachukua kama siku 7 kupungua nusu mwilini. Kila dozi mpya, iwe ya kupanda au ya kushuka, huchukua wiki 5 hadi 6 kutulia, na pituitari nayo ina uzito wake wa kuitikia. Ndiyo sababu TSH hupimwa tena baada ya wiki 6 hadi 8. Anayepima baada ya wiki 2 atapata namba isiyo na maana, daktari atapandisha dozi, kisha wiki ya nane dozi zote mbili zitajumlika na mgonjwa ataanza kutetemeka mikono. Kosa hili hutokea mara nyingi kuliko linavyopaswa.

Siku hizohizo 7 zina upande wa rehema. Ukisahau kidonge kimoja hakuna kitakachoharibika. Kimeze ukikumbuka siku hiyohiyo, na kama siku imepita endelea na ratiba yako. Na kama dozi ya 100 ni ndogo na ya 125 ni kubwa, hakuna haja ya kukatakata vidonge kwa wembe: meza 100 siku nne za wiki na 125 siku tatu, upate wastani wa 110 hivi kwa siku. Mwili hauoni tofauti kati ya siku na siku. Unaona jumla ya wiki. Mpango huu upange na daktari wako na uuandike ukutani, maana siku za wiki huchanganyika.

Siku ya kutoa damu, meza kidonge baada ya kutolewa, si kabla. T4 ya kwenye damu hupanda kwa saa chache baada ya kumeza, na namba itakayotoka itadanganya.

Namba ikiwa imekaa vizuri kwa mwaka halafu TSH ikaruka bila sababu, usikubali kupandishwa dozi kabla ya maswali haya kuulizwa. Je, umebadilishiwa kiwanda cha dawa? Vidonge vya viwanda tofauti vyenye namba ileile havifyonzwi sawasawa kila mara. Ukibadilisha, pima tena baada ya wiki 6. Je, dawa ilikaa wapi? Levothairoksini huharibika kwa joto, unyevu na mwanga, na kopo lililoachwa juu ya dirisha la bafu limeshapoteza nguvu. Je, umeanza dawa nyingine? Rifampisini, fenitoini na kabamazepini huifanya T4 iondoke haraka mwilini. Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni huongeza protini inayobeba homoni kwenye damu, na dozi inaweza kuhitaji kuongezwa. Vidonge vya kupunguza asidi tumboni vya kutumia kila siku hupunguza ufyonzaji. Na kama hakuna kati ya hayo, utumbo wenyewe uchunguzwe: ugonjwa wa siliaki (kinga kuushambulia utumbo kwa sababu ya ngano), vijidudu vya vidonda vya tumbo, au tumbo lililoacha kutoa asidi.

Kuna kundi linalostahili mjadala kuliko kidonge. Ni wale ambao TSH imepanda kidogo, tuseme 6 au 7, lakini T4 huru iko sawa. Hatua ya kwanza ni kupima tena baada ya miezi 2 hadi 3, kwani wengi hurudi kawaida wenyewe, hasa kama kipimo cha kwanza kilifanyika karibu na ugonjwa mwingine. Ikiwa imebaki juu na kingamwili zipo, uwezekano wa kufika kwenye upungufu kamili ni kama watu 4 kati ya 100 kwa kila mwaka. Hiyo inatosha kupima kila mwaka, haitoshi kumpa kila mtu dawa. TSH ikivuka 10, tiba ina msingi mzuri. Mjamzito, au anayetafuta mimba, hushughulikiwa mapema zaidi. Aliyevuka miaka 70 mara nyingi ni bora aachwe. TSH hupanda kidogo na umri, na dozi iliyozidi kwake inaleta mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio na kuchakaza mifupa.

Wale ambao TSH yao imekaa 1.5 na bado hawawezi kuamka kitandani hawajitungii. Ila kuongeza levothairoksini hadi TSH izame si jibu. Mtu wa namna hii apimwe wingi wa damu, akiba ya chuma, vitamini B12 na sukari, na aulizwe kama anakoroma na kushtuka usiku. B12 naitaja kwa makusudi: kinga inayoshambulia thairoidi hupenda kushambulia pia seli za tumbo zinazosaidia kufyonza vitamini hiyo, na uchovu na ganzi ya vidole vya miguu vikasingiziwa thairoidi kwa miaka. Hayo yote yakiwa safi, daktari wa homoni anaweza kukubali jaribio la kuongeza T3, liothaironini, kwa muda maalumu. T3 hupanda na kushuka haraka ndani ya siku, hivyo dozi hugawanywa mara mbili na levothairoksini hupunguzwa. Tafiti kwa jumla hazijaonyesha kwamba kwa wengi inafaa kuliko levothairoksini peke yake. Baadhi ya watu husema wanajisikia nafuu. Nadhani ni haki kujaribu kwa miezi 3 hadi 6 chini ya uangalizi, na ni haki pia kuacha ikiwa hakuna kilichobadilika. Mjamzito haingii katika jaribio hili, kwa sababu ubongo wa mtoto unategemea T4 ya mama.

Thairoidi inayokimbia

Kabla ya kuchagua tiba ya Graves, hakikisha ni Graves kweli. Tezi inayobomolewa ghafla huweza kuvujisha homoni iliyokuwa imehifadhi, na kwa wiki kadhaa TSH ikazama na T4 ikapaa kama Graves ilivyo. Hutokea hasa miezi ya mwanzo baada ya kujifungua, kisha tezi huchoka, kisha kwa wengi hupona ndani ya mwaka mmoja. Dawa za kuzuia utengenezaji hazifanyi kitu hapo kwa sababu tezi haitengenezi, inavuja. TRAb ikiwa juu, ni Graves. Ikikosekana na shaka ikabaki, kipimo cha kuona tezi inavuta iodini kiasi gani hutenganisha: Graves huvuta nyingi, tezi inayovuja haivuti.

Na kabla hata ya hapo, uulizwe kuhusu bayotini. Ni vitamini iliyojaa kwenye vidonge vya nywele na kucha, mara nyingi mikrogramu 5,000 au 10,000 kwa kidonge kimoja. Haigusi thairoidi. Inachofanya ni kuvuruga kemikali za mashine nyingi za maabara, ikaonyesha TSH ya chini, T4 ya juu, na hata TRAb ambayo haipo. Mtu mzima wa afya anaonekana ana Graves kamili kwenye karatasi. Iache angalau siku 2 kabla ya kipimo, na kama unatumia dozi kubwa zaidi, iache kwa siku nyingi zaidi kama utakavyoelekezwa.

Ikishathibitika, moyo hutulizwa kwanza. Propranololi hupunguza mapigo, mtetemo na wasiwasi ndani ya saa chache, ingawa haiponyi kitu. Mwenye pumu asipewe bila kuuliza. Kisha kuna njia tatu, na hakuna hata moja isiyo na gharama yake. Kinachopaswa kuamua ni hali ya macho, ukubwa wa tezi, mipango ya kuzaa, na mzigo gani mgonjwa mwenyewe anaona anaweza kuubeba.

Njia ya kwanza ni vidonge: kabimazoli au methimazoli. Kabimazoli hugeuka methimazoli mwilini, na 10 ya ile ni kama 6 ya hii kwa miligramu, kwa hiyo anayehama kutoka moja kwenda nyingine asinakili namba. Dozi ya kuanzia hutegemea ukali, mara nyingi kati ya miligramu 10 na 40 za kabimazoli kwa siku. Nafuu huanza baada ya wiki 2 hadi 4, kwa sababu dawa inazuia homoni mpya tu. Iliyokwisha kuhifadhiwa lazima iishe. T4 na T3 zikishuka, dozi hupunguzwa hatua kwa hatua. Katika miezi hiyo ya mwanzo usiongozwe na TSH. Pituitari iliyonyamazishwa kwa muda mrefu hubaki kimya miezi kadhaa hata homoni zikishakuwa sawa, na anayeongeza dawa ili TSH ipande atamsukuma mgonjwa kwenye upungufu, ambao pia huyadhuru macho.

Matibabu huenda miezi 12 hadi 18. Baada ya kuacha, takribani nusu ya wagonjwa ugonjwa huwarudia, wengi wao ndani ya mwaka wa kwanza. TRAb hupimwa mwishoni: ikiwa imekwisha, kuacha kuna matumaini, ikiwa bado iko juu, kuacha ni kuahirisha tu. Rovu kubwa, yaani tezi iliyovimba sana, na uvutaji sigara huongeza uwezekano wa kurudi. Asiyetaka mionzi wala kisu anaweza kuendelea na dozi ndogo kwa miaka, na hilo linakubalika kitabibu siku hizi. Wapo wanaoambiwa haiwezekani, wakakimbizwa kwenye uamuzi mwingine bila sababu.

Hatari ya vidonge hivi ni adimu na kubwa. Kwa watu kama 2 hadi 5 kati ya 1,000 seli nyeupe za damu zinazopigana na vijidudu hutoweka, mara nyingi ndani ya miezi 3 ya kwanza. Haitoi taarifa: leo damu ni nzuri, kesho kutwa hazipo. Kwa hiyo kupima damu kila mwezi hakukulindi kama kujua dalili. Homa, koo kuuma, au vidonda mdomoni maana yake ni kuacha kidonge saa hiyohiyo na kupima wingi wa seli nyeupe siku hiyohiyo, usiku ukiwa usiku. Si kunywa dawa ya maumivu na kusubiri kesho. Zikionekana ziko sawa, unaendelea na dawa na unatibiwa koo. Macho ya njano, mkojo wa rangi ya chai na kuwashwa mwili mzima ni ini linalalamika; nalo halisubiri. Upele mwepesi peke yake hutokea zaidi na mara nyingi hutulizwa bila kuacha dawa. PTU ni dawa ya jamii hiyohiyo, lakini inaweza kuliharibu ini vibaya, kwa hiyo hubakizwa kwa mwanzo wa ujauzito na hali chache nyingine, na watoto kwa kawaida hawapewi.

Njia ya pili ni iodini yenye mionzi. Ni kidonge au kinywaji kimoja. Thairoidi huivuta kama inavyovuta iodini yoyote, na mionzi huiua tezi kutoka ndani ndani ya miezi michache. Matumizi ya kwanza kwa Graves yalifanywa na Saul Hertz huko Boston mwaka 1941, kwa hiyo si jambo la majaribio. Watu husema "inaponya". Mimi ningesema inabadilisha ugonjwa mmoja kwa mwingine ulio rahisi kuutunza: wengi wanaopewa dozi ya kutosha huishia na upungufu na kidonge cha levothairoksini maisha yote, na hilo ndilo lengo, si ajali. Haipewi mjamzito kamwe, na kipimo cha mimba hufanywa kabla. Anayenyonyesha aache angalau wiki 6 kabla, na hatamnyonyesha tena mtoto yule. Mimba isubiri miezi 6. Mwanamume naye asubiri kama miezi 4 kabla ya kuzalisha. Siku kadhaa baada ya dozi utalala peke yako, utakaa mbali na watoto na wajawazito, na utavuta maji ya choo mara mbili. Idadi ya siku itategemea dozi, na hospitali inapaswa kukupa kwa maandishi. Methimazoli husimamishwa siku chache kabla, na picha za kitabibu zilizotumia dawa yenye iodini miezi ya karibuni zinaweza kuifanya tezi isivute, hivyo zitaje.

Mwenye macho yaliyotokeza, mekundu, yanayouma akiyazungusha, au anayeona vitu viwiliviwili, afikirie mara mbili kuhusu mionzi. Inaweza kuyazidisha, zaidi kwa mvutaji sigara. Ugonjwa wa macho ukiwa mwepesi, steroidi hutolewa kama kinga. Ukiwa wa kati au mkali, njia nyingine ni bora.

Njia ya tatu ni upasuaji wa kuondoa tezi yote. Unafaa rovu likiwa kubwa kiasi cha kubana koo, kukiwa na uvimbe unaotiliwa shaka, macho yakiwa mabaya, au mwanamke akitaka mimba karibuni. Homoni lazima zitulizwe kwanza kwa vidonge, na kwa siku 7 hadi 10 kabla ya kisu mgonjwa hupewa matone ya iodini ili tezi isinyae na kutoa damu kidogo. Kuingia chumba cha upasuaji homoni zikiwa juu kunaweza kuleta dhoruba ya thairoidi mezani, yaani homoni kupita kiasi hadi kuhatarisha maisha.

Upasuaji huu una hatari mbili za kuzijua. Neva za sauti zinapita nyuma ya tezi, karibu kabisa. Ikiguswa moja, sauti hukwaruza. Na nyuma ya tezi kuna tezi nne nyingine, kila moja kama punje ya mchele, zinazosimamia kalsiamu. Zikivurugwa, kalsiamu hushuka siku ya kwanza hadi ya tatu. Dalili huanza midomoni: kuchonyota kama kwa sindano kuzunguka mdomo, kisha ncha za vidole, kisha misuli ya mikono kukakamaa. Hiyo ni simu ya kupigwa papo hapo, na kwa kawaida vidonge vya kalsiamu na vitamini D huwa vimeshaandaliwa. Mara nyingi hupita ndani ya wiki. Kwa mpasuaji mzoefu madhara ya kudumu huwapata wachache sana, pengine 1 au 2 kati ya 100, ndiyo sababu swali la kumuuliza ni moja: unafanya tezi ngapi kwa mwaka? Anayefanya zaidi ya 25 ana rekodi tofauti na anayefanya 3. Swali hilo si ukosefu wa adabu. Levothairoksini huanza mara tu baada ya upasuaji, kwa ile hesabu ya 1.6 kwa kilo.

Mimba, sigara na virutubisho

Mwenye Hashimoto akishika mimba, mahitaji hupanda kwa robo hadi theluthi, na hupanda mapema, wiki za kwanza kabisa. Mpango unaokubaliwa na madaktari wengi ni huu: siku kipimo kinapoonyesha mimba, ongeza vidonge 2 kwa wiki, vile 7 viwe 9, halafu ndipo upige simu kliniki. Panga hili na daktari kabla ya mimba ili usisubiri ruhusa. TSH hupimwa kila wiki 4 hadi nusu ya ujauzito, ikilengwa chini ya 2.5. Vidonge vya chuma vya ujauzito vihamie jioni. Baada ya kujifungua dozi hurudi ilikokuwa.

Mwenye Graves asiache dawa ghafla akigundua mimba. Apige simu siku hiyohiyo. Methimazoli na kabimazoli zinaweza kuleta kasoro kwa mtoto, hasa wiki ya 6 hadi ya 10, kwa hiyo hubadilishwa kuwa PTU, au husimamishwa kabisa ikiwa ugonjwa umetulia. Na mwanamke aliyetibiwa kwa mionzi au kisu miaka mingi iliyopita, anayedhani Graves imekwisha, amwambie mkunga. TRAb zinaweza kubaki kwenye damu yake, zikavuka kondo na kuibonyeza thairoidi ya mtoto. Kipimo kimoja mwanzoni mwa mimba kinafichua.

Sigara ndiyo adui wa macho anayeweza kuondolewa. Hakuna tone wala kidonge kinachofidia. Kwa macho yaliyoathirika kidogo, seleniamu mikrogramu 100 mara mbili kwa siku kwa miezi 6 ilionyesha faida katika utafiti wa Ulaya uliochapishwa mwaka 2011. Kwa Hashimoto, ushahidi kwamba inabadilisha jinsi mtu anavyojisikia ni hafifu.

Iodini, yaani madini joto, inaponza wengi kwa sababu mantiki yake inavutia: thairoidi hutumia iodini, thairoidi inaumwa, basi ongeza iodini. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 kwa siku, mjamzito 250. Vidonge vya mwani vinaweza kubeba mara nyingi ya hapo, na iodini nyingi hivyo huichochea kinga na huweza kuizima tezi yenye Hashimoto. Ashwagandha, dawa ya mitishamba, nayo inaweza kupandisha homoni za thairoidi. Mwenye Graves aikwepe kabisa. Kuacha ngano kunasaidia mwenye siliaki. Pima siliaki kabla ya kuacha, kwa sababu ukishaacha, kipimo hakitaonyesha.

Hali mbili hazihitaji miadi bali gari. Mwenye Graves aliyepata homa kali, moyo unaodunda zaidi ya uwezo wa kuhesabu, kutapika, kuharisha na kuchanganyikiwa yuko kwenye dhoruba ya thairoidi. Mwenye upungufu wa muda mrefu, mara nyingi mzee aliyeacha vidonge, akipata maambukizi kisha akawa baridi mwilini, mzito wa kuamka, anapumua polepole, anazama kwenye usingizi ambao hautamwachia. Usimfunike blanketi za moto wala kumpa dawa ya kulala. Mpeleke, na ubebe makopo yake ya dawa.